Wamohikani: Historia na Maisha ya Jadi ya Jamii Iliyozikwa Ingali Hai

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa anachokijua kuhusu Wamohikani wa Marekani ya Kaskazini, aghalabu atataja riwaya ya James Fenimore Cooper iliyochapishwa mwaka wa 1826, au filamu iliyotokana nayo mwaka wa 1992. Anwani ya riwaya hiyo humtaja Mmohikani wa mwisho. Kwa takriban karne mbili sasa, wasomaji wengi wameichukulia anwani hiyo kuwa taarifa ya kihistoria: kwamba palikuwapo jamii ya Wamohikani, ikapigana, ikaangamia, na hadithi yake ikaishia hapo.

Makala haya yanadhamiria kuisahihisha dhana hiyo. Tutaanza kwa kueleza asili ya jamii hii na maisha yake ya jadi, kisha tuiangalie lugha yake, kukutana kwake na Wazungu, na safari ndefu ya kuhamishwa kwake. Hatimaye tutairudia riwaya ya Cooper ili tuone namna kazi moja ya fasihi inavyoweza kuizika jamii ambayo ingali hai. Sisi tunaosomea lugha na fasihi tuna sababu ya kulitafakari suala hili, maana kalamu ndiyo zana yetu ya kazi.

Asili ya Jina na Makao

Jina Mohikani ni ufupisho uliotokana na matamshi ya wageni. Wenyewe hujiita Muhheconneok, yaani watu wa maji yasiyotulia kamwe. Maji yanayorejelewa ni ya mto waliouita Mahicannituck, ambao leo unajulikana kama mto Hudson, katika jimbo la New York. Yeyote aliyekulia pwani ataielewa maana ya jina hilo bila shida. Bahari inapojaa, maji huusukuma mkondo wa mto huo kuelekea bara. Inapokupwa, mkondo hugeuka na kuteremka. Kujaa na kupwa huko huhisika hadi karibu na mji wa Troy, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Ni mto ambao kila siku hutiririka kwenda na kurudi.

Kuhusu asili yao, tunalo simulizi lililohifadhiwa na Hendrick Aupaumut (1757–1830), kiongozi wa Kimohikani aliyejua kusoma na kuandika Kiingereza na ambaye aliandika historia ya watu wake. Kwa mujibu wa simulizi hilo, wahenga wa jamii hii walitoka mbali sana, upande wa kaskazini-magharibi, katika nchi iliyokuwa na maji yasiyotulia. Walisafiri, wakavuka maji mengi, wakitafuta mahali pa kufanana na kwao. Walipoufikia mto Hudson na kuona jinsi maji yake yalivyopanda na kushuka, waliamua kuweka makao hapo.

Nchi yao ilikuwa pana. Ilienea kutoka karibu na ziwa Champlain upande wa kaskazini hadi kukaribia kisiwa cha Manhattan upande wa kusini. Upande wa mashariki iliingia katika maeneo ambayo leo ni majimbo ya Massachusetts, Connecticut na Vermont.

Maisha ya Jadi

Maisha ya Wamohikani yalifuata majira manne ya mwaka. Majira ya kuchipua yalipowadia, walitoboa miti ya mepo na kukinga utomvu wake, wakauchemsha hadi ukawa sukari. Wakati uo huo samaki walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, nao wakavuliwa kwa nyavu. Kisha ukafuata upanzi. Majira ya joto yalikuwa ya palizi na kuchuma matunda ya mwituni. Majira ya kupukutika kwa majani yalikuwa ya kuvuna, kukausha nyama na samaki, na kuhifadhi nafaka katika mashimo yaliyotandikwa nyasi au magome ya miti. Wakati wa baridi kali wanaume waliwinda kulungu na dubu, na nyumbani watu walishona mavazi ya ngozi, wakatengeneza vyombo na kusimuliana hadithi kando ya moto.

Mazao yao makuu yalikuwa mahindi, maharagwe na maboga, nayo yalipandwa pamoja katika shamba moja. Mpango huo ulikuwa na hekima. Bua la mahindi liliwa mhimili wa maharagwe kutambaa. Maharagwe yaliurutubisha udongo. Na majani mapana ya maboga yaliufunika udongo huo, yakahifadhi unyevu na kuzuia magugu. Kilimo kilikuwa mikononi mwa wanawake, ilhali wanaume walishughulika zaidi na uwindaji, uvuvi na kufyeka misitu.

Nyumba zao ziliitwa wigwamu. Zilijengwa kwa fito changa zilizokunjwa hadi zikaunda umbo la kuba, kisha zikaezekwa kwa magome ya miti. Palikuwapo pia nyumba ndefu zilizokaliwa na familia kadhaa kwa pamoja. Vijiji vilijengwa karibu na mito, nao watu walisafiri kwa mitumbwi ya kuchongwa na mingine ya magome.

Jamii iligawika katika koo, hususan ukoo wa Dubu, wa Mbwamwitu na wa Kobe. Mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mamake, si wa babake. Kwa hivyo mwanamke ndiye aliyekuwa nguzo ya nasaba, na hata uongozi, kama tutakavyoona, ulipitia kwake.

Uongozi na Nafasi ya Mneni

Mkuu wa jamii aliitwa sachemu. Cheo hicho kilirithiwa kupitia upande wa mama. Sachemu alipofariki, hakurithiwa na mwanawe wa kuzaa bali na mpwawe, mtoto wa dadake. Sachemu hakutawala peke yake. Alikuwa na washauri, na jambo zito halikuamuliwa kabla ya kujadiliwa barazani. Aidha, alitunza mfuko wa amani, ambao ndani yake mlikuwa na shanga za kombe ziitwazo wampumu. Shanga hizo zilitungwa kwa mipangilio maalumu, na kila mpangilio ulikuwa kumbukumbu ya mapatano fulani baina ya Wamohikani na majirani wao. Kwa maneno mengine, mfuko huo ulikuwa hifadhi ya nyaraka za taifa lisilotumia maandishi.

Aupaumut anawataja pia maafisa watatu waliomsaidia sachemu. Wa kwanza ni Shujaa, aliyeongoza wakati wa vita. Wa pili ni Mjumbe, mkimbiaji aliyepeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji na ambaye hakuruhusiwa kusema uongo. Wa tatu aliitwa Bundi. Msomaji wetu huenda akashtuka, kwa kuwa kwetu bundi ni ndege wa mkosi, na akilia juu ya paa watu humfukuza. Kwa Wamohikani, Bundi lilikuwa jina la heshima. Aliyepewa cheo hicho sharti awe na kumbukumbu nzuri, ufasaha wa kunena na sauti yenye nguvu. Aliketi kando ya sachemu na kuutangazia umma maagizo yake. Alfajiri aliamka kabla ya wengine, akapaza sauti kuwaamsha watu waende kazini.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja umuhimu wa mtu huyu. Ufasaha haukuwa pambo wala burudani ya jioni. Ulikuwa sehemu ya serikali, na mwenye ulimi mwema na kumbukumbu njema alikuwa afisa wa jamii.

Lugha ya Wamohikani

Kimohikani ni mojawapo ya lugha za familia ya Kialgonkini, ambazo zilizungumzwa katika eneo kubwa la mashariki na katikati ya Marekani ya Kaskazini. Miongoni mwa waliokichunguza mapema zaidi ni Jonathan Edwards Mdogo, mwana wa mhubiri mashuhuri wa jina hilo. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, wazazi wake walihamia Stockbridge, Massachusetts, mahali ambapo wakazi wengi walikuwa Wamohikani. Alicheza na watoto wao na akakizungumza Kimohikani kama lugha yake mwenyewe. Mwaka wa 1788 alichapisha kijitabu kuhusu lugha hiyo. Humo alilinganisha maneno na kuonyesha kwamba lugha nyingi za wenyeji zilizozungumzwa mbalimbali zilitokana na asili moja.

Edwards alibaini jambo ambalo litamvutia mwanaisimu wa Kibantu. Katika Kimohikani, mtu hawezi kusema "baba" bila kumtaja mwenye baba huyo. Husema nogh kwa maana ya baba yangu, na kogh kwa maana ya baba yako. Neno la "baba" tu, lisilo na mwenyewe, halikuwapo. Wasomaji wanaozungumza Kikikuyu watalielewa jambo hili upesi: baba ni baba yangu, thoguo ni baba yako, na ithe ni baba yake. Hapana uhusiano wa nasaba baina ya lugha hizi mbili. Kinachofanana ni mtazamo kwamba ujamaa haupo hewani. Lazima uwe wa mtu fulani.

Vilevile, nomino za lugha za Kialgonkini hugawika katika makundi mawili, yaani zenye uhai na zisizo na uhai, na kitenzi hupatana na kundi la nomino. Mwanafunzi aliyeizoea ngeli ya A-WA katika Kiswahili hataona ugeni mkubwa hapo.

Kuja kwa Wazungu

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1609, Henry Hudson, nahodha Mwingereza aliyeajiriwa na kampuni ya Waholanzi, aliingia katika mto huo akitafuta njia ya kufika Asia. Njia hiyo hakuiona, lakini alikutana na watu waliompokea kwa ukarimu na waliokuwa na manyoya ya kuuza. Manyoya ya biva, mnyama wa majini mwenye malaika nzito, yalikuwa na soko kubwa Ulaya kwa ajili ya kutengenezea kofia. Mwaka wa 1614 Waholanzi walijenga kituo cha biashara, na mwaka wa 1624 wakajenga ngome ya Orange, mahali ambapo leo ni mji wa Albany.

Biashara hiyo ilileta visu, shoka, vyungu vya chuma na bunduki. Ilileta pia balaa tatu. Balaa ya kwanza ilikuwa uhasama. Wamohikani na majirani wao Wamohawk waligombania nafasi ya kufanya biashara na Waholanzi, wakapigana kuanzia mwaka wa 1624 hadi 1628. Kamanda wa ngome ya Orange aliwaunga mkono Wamohikani mwaka wa 1626, akauawa vitani. Mwishowe Wamohikani walishindwa na kuyapoteza makao yao ya ukingo wa magharibi. Balaa ya pili ilikuwa maradhi, hususan ndui, ambayo miili ya wenyeji haikuwa na kinga dhidi yake. Balaa ya tatu ilikuwa ardhi. Biva walipopungua, wenyeji walibaki na madeni na hawakuwa na kitu cha kulipia isipokuwa mashamba yao. Fauka ya hayo, mapatano ambayo Wamohikani waliyaelewa kuwa ruhusa ya kutumia ardhi pamoja, wageni waliyaandika kuwa mauzo ya milele.

Licha ya hayo, Wamohikani waliendelea kujihusisha na siasa za wakati wao. Mwaka wa 1710, kiongozi wao Etow Oh Koam alikuwa miongoni mwa viongozi wanne wa wenyeji waliosafiri hadi London na kupokewa na malkia Anne. Wenzake watatu walikuwa Wamohawk, maadui wa zamani.

Safari ya Kuhamishwa

Mwaka wa 1734 mmishonari John Sergeant alianza kuhubiri miongoni mwa Wamohikani waliokuwa Massachusetts, na mwaka wa 1739 mji wa Stockbridge ukaanzishwa rasmi kwa ajili yao. Familia nne za Kiingereza ziliruhusiwa kuishi hapo ili ziwe kielelezo cha maisha ya Kikristo. Muda si muda familia hizo zikawa nyingi, zikashika nyadhifa za mji, na ardhi ikaanza kuwatoka wenyeji kipande kwa kipande.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipozuka, Wamohikani wa Stockbridge walijiunga na upande wa Wamarekani. Tarehe 31 Agosti 1778, kikosi chao kilishambuliwa na majeshi ya Uingereza karibu na Kingsbridge, katika eneo ambalo sasa ni sehemu ya jiji la New York. Wengi waliuawa, akiwemo Daniel Nimham, kiongozi wa Wawappinger, pamoja na mwanawe Abraham. Waliosalimika walirudi Stockbridge wakakuta kwamba taifa walilolimwagia damu halikuwa na nafasi yao. Katika miaka ya 1780 walihamia kwa Waoneida, katikati mwa jimbo la New York, waliowapa ardhi.

Hapo napo hawakudumu. Mwaka wa 1818 kundi moja lilifunga safari kuelekea Indiana, kwenye mto White, ambako jamii ya Wadelaware ilikuwa imewaahidi makao. Walipowasili waliambiwa kwamba ardhi hiyo ilikwisha kutolewa kwa serikali kwa mkataba. Kuanzia mwaka wa 1822 walielekea Wisconsin, wakakaa kando ya mto Fox. Katika miaka ya 1830 walihamishwa tena hadi mashariki mwa ziwa Winnebago, na hapo wakaungana na Wamunsee. Mkataba wa mwaka wa 1856 uliwapeleka katika kaunti ya Shawano, kwenye ardhi iliyokuwa ya Wamenominee.

Hata katika makao hayo, sheria ya mwaka wa 1887 iliigawanya ardhi ya pamoja kuwa vipande vya watu binafsi, na vingi viliuzwa au kupotea kwa kodi na madeni. Ni baada ya sheria nyingine ya mwaka wa 1934 ndipo jamii ilipounda upya serikali yake na kuanza kurejeshewa sehemu ya ardhi. Nembo yao, iliyobuniwa na Mmohikani Edwin Martin, huitwa Njia Nyingi. Aliyeifuatilia safari hii hahitaji kufafanuliwa sababu.

Riwaya na Ukweli

Sasa tuirudie riwaya. Cooper aliiweka hadithi yake katika mwaka wa 1757, wakati wa vita baina ya Uingereza na Ufaransa. Mhusika wake kijana, Uncas, anauawa, na babake Chingachgook anabaki peke yake kama mabaki ya taifa lililokwisha. Jina la Uncas lilikuwa la kiongozi halisi, lakini hakuwa Mmohikani. Alikuwa kiongozi wa Wamohegani wa Connecticut katika karne ya 17. Cooper alizichanganya jamii mbili tofauti, na zote mbili zipo hadi leo.

Kosa la majina laweza kusameheka kwa msanii. Lililo zito zaidi ni kosa la mauko. Mwaka wa 1826, riwaya hiyo ilipotoka mtamboni, Wamohikani walikuwa Wisconsin wakijenga nyumba na kulima kando ya mto Fox. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1828, mwanamke wa Kimohikani, Electa Quinney, alifungua shule katika eneo hilo, naye hutambuliwa kuwa mwalimu wa kwanza wa shule ya umma katika Wisconsin. Wasomaji wa New York na London walikuwa wakimlilia Mmohikani wa mwisho huku Mmohikani huyu akiwafundisha watoto kusoma.

Je, maombolezo hayo yalikuwa na madhara gani? Riwaya iliwaonyesha wenyeji kama watu waliotoweka kwa majaaliwa, kama jua litwavyo. Jua likitua hakuna wa kulaumiwa. Ilhali tumeona kwamba kila hatua ya safari ya Wamohikani ilikuwa na tarehe yake, mkataba wake na sheria yake. Mnamo mwaka wa 1830, miaka minne tu baada ya riwaya hiyo, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi. Hatusemi kwamba riwaya ndiyo iliyoleta sheria hiyo. Tunasema kwamba msomaji aliyezoea kuwaona watu fulani kuwa wamekwisha hupata wepesi wa kunyamaza wanapoondolewa.

Wamohikani wenyewe hawakunyamaza. Tarehe 4 Julai 1854, kiongozi wao John Quinney alihutubia umma wa New York katika sherehe za uhuru wa Marekani. Aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba nchi waliyoishangilia ilikuwa ya watu wake, na kwamba haki haikufuatwa walipoipoteza. Wakati huo riwaya ilikuwa na umri wa miaka 28.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Wamohikani walikuwa, na wangali, jamii yenye jina, mto, koo, utaratibu wa uongozi na lugha. Leo jumuiya yao ya Stockbridge-Munsee ina takriban watu 1,500, na makao yake makuu yangali kaunti ya Shawano. Ina serikali yake, na maktaba na makumbusho yake huhifadhi nyaraka zao wenyewe. Mwaka wa 2021 walirejeshewa ekari 156 za kisiwa cha Papscanee, kando ya mto wa wahenga wao, karibu na Albany.

Hata hivyo, ipo hasara ambayo haijarudi kamili. Wazungumzaji wa mwisho waliokimiliki Kimohikani kwa ufasaha walifariki katika miaka ya 1930. Watu walinusurika, lugha ikakatika. Leo wanaojifunza upya hutegemea maandishi ya zamani, yakiwemo yale ya Edwards, kijana aliyeisikia lugha hiyo kwa wenzake wa kuchezea.

Hapo ndipo palipo na funzo kwetu. Kalamu ya Cooper iliwatangaza wafu watu walio hai. Kalamu ya Aupaumut ilihifadhi simulizi na vyeo vya jamii yake, na ya Edwards ikahifadhi maneno ambayo leo wajukuu huyatafuta. Mtafiti wa lugha na mtunzi wa fasihi hushika kalamu ile ile. Kabla ya kuandika neno "mwisho" kuhusu watu wowote, ni wajibu wetu kwenda kwanza kubisha hodi mlangoni mwao.

Maswali ya Kujadili

1. Linganisha majukumu ya Bundi katika baraza la Wamohikani na majukumu ya mneni katika jamii yako.
2. Eleza jinsi umilikaji unavyodhihirika katika maneno ya ujamaa ya Kiswahili na ya lugha yako ya kwanza.
3. "Mtunzi wa fasihi hana wajibu wa kuwa mwanahistoria." Jadili kauli hii kwa kurejelea hali ya Wamohikani.